Imvutano Zilizorudi Kutoka Kibondo

Mzigo ulirudi kwa basi la asubuhi, ndani ya mfuko ule ule wa salfeti ambao Kezia aliutumia kuutuma. Juu yake palikuwa na namba yake ya simu tu, imeandikwa kwa kalamu nene. Jina la mtumaji halikuwepo. Mumewe, Melkiadi, hakupenda jina la ukoo wao lizunguke kwenye mabuti ya mabasi.

Karani wa mizigo pale stendi ya Kasulu aliusukuma mfuko kwa mguu mpaka mlangoni.

"Mama, nauli ya huu mzigo hujalipia."

"Mimi si mtumaji, baba. Mimi ndiye niliyerudishiwa."

"Aliyeutuma kasema utalipa wewe. Au niurudishe Kibondo?"

Watu wawili waliokuwa wakingoja mizigo yao waligeuka kumtazama. Kezia alifungua fundo la kitenge kiunoni, akalipa, akajitwika mfuko kichwani. Nyumbani aliumwaga mkekani, na harufu ikamfikia kabla macho hayajaona kitu. Marashi, jasho, moshi wa nyama choma, binzari ya pilau.

Zilikuwa imvutano ishirini, rangi ya zabibu, zenye utepe wa dhahabu pembeni. Ni vazi la sherehe la wanawake wa asili ya Burundi: kipande kimoja hufungwa kiunoni, kingine hupita kifuani na kukazwa juu ya bega moja. Halikatwi wala halishonwi. Ndiyo maana mtu mwenye moyo mgumu anaweza kulivaa siku nzima, akalikunja, akasema hajaligusa.

Simu ililia. Ujumbe ulitoka kwa Madam Esteria, mtumishi wa serikali aliyehamia Kibondo kutoka mkoa mwingine. Ndiye aliyeagiza mzigo kwa niaba ya kamati ya harusi ya mfanyakazi mwenzake, aliyekuwa anaoa binti wa pale pale Kibondo.

"Bidhaa haifanani na picha uliyoposti. Hatukuzitumia kabisa. Naomba laki tisa yangu yote leo hii."

Melkiadi alirudi kutoka kwa jirani akakuta mkewe amekaa katikati ya nguo kama mtu aliyevunjikiwa na kabati la vyombo. Alichuchumaa, akaokota moja, akainusa.

"Hizi zimevaliwa."

"Zimevaliwa, zimechezewa, zimelishwa pilau. Tazama hapa begani, tundu la pini. Tazama hii, mchuzi. Halafu eti hawakuzitumia kabisa."

"Mwambie basi. Kwa adabu."

Kezia alimwambia kwa adabu. Alipiga picha tundu la pini na doa la mchuzi, akazituma na neno 'samahani Madam' mwanzo na mwisho. Jibu halikukawia.

"Usinifundishe kazi. Mimi nafahamiana na watu. Nikianza kuuliza nyie mmetoka wapi na mna karatasi gani, msije mkanilaumu."

Melkiadi aliusoma ujumbe ule, akaurudia, kisha akasimama kutafuta viatu vyake.

Melkiadi Nkunzimana alizaliwa Tanzania. Baba yake alipewa uraia kwa karatasi yenye mhuri, na yeye mwenyewe ana kitambulisho cha taifa. Hupiga kura, huchangia madarasa ya kata, na katika shamba lake la Kagerankanda kila mpaka unajulikana na jirani zake. Hakuna pembe ya dunia ambako angeweza kurudishwa, maana hakutoka popote. Lakini neno 'karatasi' likitamkwa na mtu wa ofisini, mkono wake huenda mfukoni. Baba yake alimlea hivyo: ukidaiwa na mwenye cheo, lipa, halafu ndiyo ufikiri. Ni aibu kubwa mtu kuogopa ndani ya nchi yake, na aibu hiyo si ya mwenye kuogopa.

"Unakwenda wapi?" Kezia aliuliza.

"Kwa Twalibu. Hela ya maharage tuliyouza bado iko ndani."

"Melkiadi, hela ile ni ya mbegu. Ni ya mzigo mwingine. Ni yote tuliyonayo."

"Ndiyo yote. Nataka yaishe niweze kulala."

*

Twalibu alikuwa wakala wa pesa mwenye kibanda cha bati njia panda. Alikuwa na mdomo mwepesi kuliko mashine zake.

"Laki tisa, kaka? Unanunua ng'ombe au unaoa wa pili?"

"Narudishia mteja," alisema Melkiadi.

"Mteja wa nini?"

Kezia, aliyekuwa amemfuata nyuma hatua kwa hatua, alijibu. "Wa nguo. Kazivaa harusini, kazirudisha."

Twalibu alitikisa kichwa. "Wiki iliyopita dada wa viatu kapita hapa kurudishia. Alituma raba mpya kutoka dukani kwake, zikarudi raba kuukuu kwenye boksi lile lile. Kabla yake yule wa mawigi. Wigi limerudi lina jasho na kibanio ndani. Nyie wauzaji wa mtandaoni, mnasema mnauza, kumbe mnaazimisha bure. Bora mngekodisha, mkajulikana."

Melkiadi alimkabidhi noti, zikaingia kwenye simu yake mwenyewe. Kisha alihesabu tarakimu za namba kwa kidole, akabonyeza. Jina la Esteria likatokea, akabonyeza tena. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia na mlio wa furaha, kama vile kuna mtu amepata kitu.

"Umelituma shamba zima," alisema Kezia.

Melkiadi alimwomba Twalibu maji ya kunywa.

*

Usingizi haukuja. Kesho yake, pamoja na kurudishiwa pesa yake yote, Esteria aliposti picha za zile nguo kwenye kundi kubwa la manunuzi la Kasulu na Kibondo, akaandika: "Jihadharini na huyu muuzaji. Nguo feki. Mimi nimepigana mpaka nikapata haki yangu." Chini yake watu wasiomjua Kezia wala nguo zake walimimina ushauri. Mwingine aliandika, "Hawa wa upande ule ndivyo walivyo." Wateja watatu waliokuwa wameagiza vitenge wakaandika kwamba wameahirisha. Kisha simu ikanyamaza.

Kezia alizikunja imvutano, akazirudisha mfukoni. Hakuzifua.

"Zifue basi uziuze kwa bei ya kutupa," Melkiadi alimwambia.

"Nikizifua nimekubali kwamba hazikuvaliwa."

"Kuna faida gani ya kukaa na jasho la watu chumbani?"

"Ni jasho la watu, lakini pesa ni yangu. Acha linuke."

Melkiadi alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi ndefu. "Sikiliza, mama. Mimi sina ugomvi na wewe. Lakini msimu ukianza twende Kagerankanda wote wawili. Hiyo simu tuiuze, tupate mbegu. Biashara ya kuuza kwa mtu usiyemwona usoni mimi imenishinda."

"Imekushinda wewe. Mimi haijanishinda."

"Una mtaji?"

Kezia hakuwa nao. Miaka minne alikuwa ameijenga biashara ile kwa picha moja moja, akisimama kwenye jua la saa tatu kwa sababu ndilo linaloonyesha rangi kwa ukweli, akiandika 'rangi inaweza kupauka kidogo' hata pale ambapo haikupauka. Sasa alikuwa na mfuko wa nguo zilizotumika na simu iliyokuwa inangoja kuuzwa. Akainuka kwenda kumenya viazi, maana tumbo halingoji mtu amalize uchungu.

*

Simu ililia akiwa na kisu mkononi. Namba ngeni.

"Mwiriwe, mwanangu. Mimi Ndayikunda, wa Kibondo. Ndimi shangazi wa bibi harusi. Wewe ndiye unayekodisha imvutano?"

"Mimi nauza, shangazi. Sikodishi."

"Ah, usitufiche bwana. Zile za rangi ya zabibu. Sisi tulizikodi kwako, kila mwanamke elfu ishirini. Tukamkabidhi Madam Esteria akurudishie. Namba yako nimeitoa kwenye ule mfuko, niliuona siku ya kufunga mzigo. Sasa tunazitaka tena."

Kezia aliweka kisu chini polepole.

"Mnazitaka tena za nini?"

"Si tunakwenda gutwikurura? Jumamosi hii. Madam hajui mambo hayo, kwao hakuna. Alifikiri harusi ikiisha imeisha."

Kezia alijua. Gutwikurura ni siku ambayo wanawake wa upande wa binti humwendea kule alikoolewa, wakibeba chakula na pombe ya mtama, wakamtoa ndani, awe mke anayetembea mbele ya watu. Na kwa kina Ndayikunda, kama kwao Kezia, wanaokwenda kumtoa binti huvaa yale yale waliyovaa siku ya kumtoa kwao, ili akifunguliwa mlango aone kwamba waliomwachia ndio waliomfuata.

"Shangazi," Kezia alisema, "Madam aliwaambia ni za kukodi?"

"Ndiyo. Alisema hela ya kamati inatangulia kama dhamana, zikirudi nguo nayo inarudi. Na ile elfu ishirini ya kila mtu ni yako wewe mwenye nguo. Au hukuipata?"

"Mimi aliniandikia hamkuzivaa kabisa."

Ndayikunda akaanza kucheka kicheko kikavu, kifupi.

"Hatukuzivaa? Mimi nilicheza mpaka utepe ukanizunguka shingoni. Mwanangu, unazo bado?"

"Ninazo. Sijazifua."

"Afadhali. Usizifue."

Melkiadi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Kezia alimweleza upya, kwa sababu alitaka kujisikia akilisema jambo lenyewe: kamati imerudishiwa laki tisa yake, wanawake wametoa laki nne, laki nne hizo zimebaki mfukoni mwa Madam, na wao hapa wamebaki na harufu.

Melkiadi alitazama mfuko wa salfeti.

"Kwa hiyo maharage yangu yamecheza ngoma Kibondo," alisema.

"Yamecheza. Mpaka utepe ukazunguka shingoni."

Kezia alichukua simu, akafungua lile kundi, akaanza kuandika. Wauzaji wenzake walikuwa wamemshauri tangu mwanzo: mwanike, naye aonje. Alikuwa amefika kwenye neno 'mwizi' Melkiadi alipoufunika mkono wake.

"Usiposti."

"Bado unaogopa."

"Naogopa, ndiyo. Lakini ukiposti atabadilisha namba, na sisi tutabaki kubishana na watu wasiotujua. Jumamosi atakuwa pale. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya bwana harusi, hawezi kukosa. Twende tukamwone usoni."

"Twende? Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyetuma hela," alisema Melkiadi.

*

Njiani basi lilisimama kwenye kizuizi baada ya Makere, karibu na njia ya kambi ya Nyarugusu, abiria wakaambiwa waandae vitambulisho. Melkiadi alikuwa ameshakiandaa tangu stendi. Alikishika kifuani kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Ofisa kijana alipita, akakitazama kwa kufumba na kufumbua, akamwambia, "Shikamoo mzee," akaendelea na mwingine. Melkiadi alibaki amekishika. Kezia alikitoa taratibu vidoleni mwake, akakitia katika mfuko wa shati lake.

Nyumbani kwa Ndayikunda kulikuwa kumechangamka. Masufuria yalichemka nyuma ya nyumba, vibuyu vya pombe ya mtama vilisimama kivulini, na wanawake walisukana nywele huku wakitaniana. Ndayikunda mwenyewe alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde.

Madam Esteria, aliyetumwa na upande wa bwana harusi kuja kuwachukua, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki alichowekewa peke yake, na soda. Alipomwona Kezia hakumtambua, maana hajawahi kumwona. Aliutambua mfuko.

"Wanawake," alisema Ndayikunda, "mwenye nguo amefika. Kila mtu aje achukue yake."

"Tutazijuaje, zote si rangi moja?" mmoja aliuliza.

"Zijue kwa dhambi zako."

Wakazimwaga juu ya mkeka, wakainama juu yake kama kuku juu ya mtama. Kilichofuata Kezia hakukitegemea. Zile alama alizozipiga picha kwa uchungu, wao walizipokea kama jamaa waliopotea.

"Hii yangu, nilichanika na pini, tazama."

"Huu mchuzi ni wa yule mpishi, Saady. Alinimwagia akaniambia ni baraka."

"Nani anayenuka marashi haya ya kuua nzi? Ni wewe, wifi."

"Nipe hapa. Hata hivyo yalimgeuza shingo mchungaji."

Waliangua kicheko, wakavishana. Kezia alisimama pembeni, na kwa mara ya kwanza tangu mzigo urudi aliziona nguo zake zilivyokuwa nzuri. Kisha akageuka kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, Madam. Mimi ndiye muuza nguo feki."

Kicheko kilikatika. Esteria aliweka soda chini.

"Dada, hapa ni shughuli ya watu. Mambo ya biashara tuzungumze pembeni."

"Kwenye kundi hukunivuta pembeni."

"Nilikosea kidogo maelezo, basi. Mbona mnapenda kukuza mambo nyie watu wa—"

Hakuimaliza sentensi. Akina mama ishirini waliovaa zabibu na dhahabu walikuwa wakimtazama, na zaidi ya nusu yao walikuwa watu wa huko huko alikotaka kukutaja.

Melkiadi alisogea mbele. Alikuwa amevua kofia, na sauti yake ilianza chini sana.

"Madam, mimi naitwa Melkiadi Nkunzimana. Ile hela uliyorudishiwa niliituma mimi. Sikuituma kwa sababu ulikuwa na haki. Niliituma kwa sababu uliniogopesha." Aliikunja kofia mkononi. "Leo sijaja kugombana. Nimeifuata."

Aliyekuwa akikoroga sufuria aliacha mwiko usimame.

Esteria alitazama chini. Alisema, kwa sauti ambayo haikuwa ya ofisini tena, kwamba hela ya kamati ilirudi kwa mtunza hazina, hiyo haimo mikononi mwake. Zile laki nne alilipia deni la mkopo. Mshahara ukikatwa haubaki kitu. Hakutegemea mtu angeumia. Alidhani muuzaji wa mtandaoni ana stoo kubwa mahali fulani.

"Stoo yangu ni uvungu wa kitanda," alisema Kezia.

"Mwisho wa mwezi nitalipa laki nne. Mbele yao wote nasema."

"Na iliyoko kwenye simu leo?" aliuliza Ndayikunda.

Ilikuwepo laki moja na nusu. Akaituma hapo hapo, akiwa amesimama. Ndayikunda akawageukia wenzake. "Sisi nasi, nguo hizi tumeshazitia mchuzi. Anayetaka kubaki na yake aongeze elfu ishirini na tano iwe mali yake. Asiyetaka airudishe leo jioni, tena kwa mkono wake mwenyewe, si kwa kupitia kamati." Wengi walitaka kubaki nazo. Baadhi walitoa pale pale, baadhi waliomba mpaka wauze mahindi, na wachache walisema kwa kweli wao kukodi kunawatosha, sherehe ni nyingi na mtu havai rangi moja kila siku.

"Bado kitu kimoja," Kezia alimwambia Esteria. "Andika pale pale ulipoandika."

Esteria akatoa simu. Wanawake wakamzunguka, vichwa juu ya mabega yake, wakisoma kwa sauti kila neno lililotokea.

"'Kulitokea hitilafu ya mawasiliano...' Hapana, Madam, mawasiliano yalikuwa mazuri. Futa."

"'Nguo zilikuwa nzuri.' Hapo sawa."

"Andika tulizivaa."

"Andika tulizicheza."

"Weka na picha yetu. Ngoja nikaze bega kwanza."

*

Mwisho wa mwezi pesa iliyobaki ya Esteria iliingia, pungufu kidogo, na meseji ya kuomba siku chache. Siku chache zikapita, kilichopungua nacho kikaingia. Haikufika laki tisa yote, maana mahindi ya Kibondo yalikuwa bado shambani. Lakini mbegu zilinunuliwa na simu haikuuzwa. Ile picha ya wanawake ishirini ilizunguka mpaka Kakonko, na maswali yaliyokuja chini yake mengi yalikuwa swali moja: mnakodisha?

"Twalibu alisema kwa utani," Melkiadi alimwambia mkewe, "lakini alisema."

Basi Kezia akaanza kukodisha pia, kwa dhamana, na kwa sharti kwamba anayekodi aonekane usoni kwanza, au adhaminiwe na jamaa ambaye Kezia anamjua. Nguo zikirudi zina mchuzi hakasiriki. Bei ya kufua imo ndani.

Mzigo wa kwanza wa Kakonko Melkiadi aliupeleka stendi mwenyewe. Karani alivuta kalamu nene, akaandika namba ya simu juu ya salfeti kama alivyozoea.

"Weka na jina," alisema Melkiadi.

"Lipi?"

"Melkiadi Nkunzimana."

Karani alipima nafasi iliyobaki kwa macho. "Refu hilo, mzee. Nifupishe?"

"Usifupishe."

Karani aliandika taratibu, herufi kubwa, kutoka pindo hadi pindo. Melkiadi alingoja mpaka wino ulipokauka, akaubeba mfuko mwenyewe, akauweka kwenye buti la basi, upande wenye jina ukitazama nje.